Trekta Linakuja Ijumaa, Kamati Jumatatu

Mpendwa Shangazi Husna, shikamoo. Naomba unijibu upesi maana hapa Kihurio hatulali kwa furaha, lile shamba la mkonge alilolitelekeza mwekezaji limerudishwa kijijini, na familia zilizoondolewa zamani zitapewa kwanza, sisi tukiwemo, kwa kuwa baba mkwe, marehemu sasa, alilima pale kabla ya kufukuzwa, na Jumatatu kamati ya ardhi inakuja ili kila familia ioneshe ilipokuwa, nami nimeshaanza kuuota mpunga wangu mwenyewe badala ya kukodi majaruba ya watu, ila shida, Shangazi, ni mume wangu Loth, nimemwomba hati iandikwe majina yetu wawili akasema ardhi ya Wapare haiandikwi jina la mwanamke, nikanuna, hatusemeshani, isipokuwa kwenye trekta tu ndipo tumeelewana, linakuja Ijumaa kung'oa kila kitu, vichaka, mikonge, na yale masale aliyopanda baba mkwe mpakani ambayo yamekuwa msitu, ili kamati itukute tuko tayari, na mipaka si siku hizi wanapima kwa setilaiti. Je, nisubiri moyo wake ulainike au nimpeleke kwa mchungaji?

Asteria, Kihurio

Marahaba, Asteria. Hongera, barua yako nimeisoma nimesimama. Umeniuliza la jina, lakini lililonitoa jasho ni la trekta. Lizuie leo.

Hicho chombo cha setilaiti kinapima pale mtu alipokiweka, hakijui baba mkwe wako aliishia wapi. Masale yanajua. Wapare mmepanda sale mpakani tangu enzi za mababu, leo siku ya kutoa ushahidi imefika mnakodi trekta kumfukia shahidi? Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Fyekeni vichaka kwa panga, itisheni msaragambo, ile kazi yenu ya pamoja, waiteni na majirani mliopakana nao zamani. Sale lisiguswe.

Sasa Loth. Sheria inaruhusu hati ya mume na mke, na hiyo mila yake mbona haikumzuia kula mpunga wako wa majaruba ya kukodi? Mchungaji mwache kwanza. Vunja kununa, mweleze habari ya masale leo mkiwa mezani. Akishaelewa shamba lilivyoponea chupuchupu, lirudie ombi lako. Akikataa, liseme mbele ya kamati.

Na Jumatatu usivae nguo za kulimia. Vaa kitenge chako kizuri, simama kwenye sale la kwanza, na wakiuliza shamba hili ni la nani, jibu wewe kabla Loth hajafungua mdomo: "Ni letu."