Uyoga Mpana Kama Ungo

Mbebe, Januari

Kaka Ezron,

Huku hatujambo, mahindi yamefika kiunoni. Tangu tumzike mama sikuthubutu kuchuma uyoga, maana yeye ndiye aliyeutambua. Jana nilikuta mmoja juu ya kichuguu, mpana kama ungo. Shangazi Tusekile akanifokea, “We Enesi, uache! Unataka tumfuate mama yako?”

Nikapiga magoti, nikachimba taratibu nikifuata mzizi, kama mama. Ukashuka, ukashuka, hadi bega langu likagusa udongo, na kule chini mchwa wakanitambalia vidoleni. Mama alisema wa sumu haufiki kwa mchwa. Nikaung'oa mzima, nikaupika.

Nilionja mimi kwanza. Leo shangazi kamaliza chungu.

Kaka, kumbe najua.

Mdogo wako,
Enesi