Kumfungia Baba Lango

Jumatatu, 1 Machi 2004

Kwangu mimi mwenyewe, salaam. Madhumuni ya maandishi haya ni kueleza hali ya Baba kwa ukweli, pasipo kujidanganya. Leo tena ametoka alfajiri kutafuta ng'ombe. Ng'ombe hao waliuzwa pamoja na shamba. Nimemkuta katikati ya barabara ya Namanga, malori yakimpigia honi. Nimemrudisha kwa mkono. Nimechoka.

Jumatano, 3 Machi

Kajiado, kwa daktari. Kijana mpole, mgeni wa huku. Akauliza, "Mzee, uko na watoto wangapi? Na ng'ombe?" Baba akanyamaza. Daktari akaandika kwamba hakumbuki. Nikaingilia kati: kwetu Wamaasai mzee hahesabu watoto wala mifugo mbele ya watu, ni kuwaitia mkosi. Daktari akaomba radhi, akafuta. Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe Baba ni mzima, ameulizwa vibaya tu!

Kisha akaulizwa mimi ni nani.

"Huyu ni dereva," Baba akasema kwa adabu. "Amenileta vizuri."

Daktari akaandika tena.

Ijumaa, 5 Machi

Kuhusu tiba. Ya kuponya haipo. Ipo dawa ya kupunguza kasi ya ugonjwa kwa muda, kwa baadhi ya watu. Mapigo ya moyo wa Baba ni ya polepole mno, daktari amemkataza dawa hiyo. Vipo vidonge vya kutuliza. Atasinzia mchana kutwa, na huenda akaanguka. Ama aachwe atembee, mtu akifuatana naye daima. Mtu huyo ni mimi. Jana alinipotea nikiwa msalani.

Jumapili, 7 Machi

Ndugu yangu Lemayian amefika kutoka Ngong. Anataka vidonge, na kufuli langoni. Nilimsomea pingamizi langu la maandishi, nimesimama.

"Wacha Kiswahili ya korti, bro! Lori haisomi barua."

Mama alicheka, kisha akalia. Nilimchukia Lemayian kwa sababu amesema kweli.

Jumanne, 9 Machi

Kufuli limenunuliwa. Liko mezani.

Katika boma hili hakuna jambo lililopata kuamuliwa bila neno la Baba. Basi nimeketi kando yake, nikamweleza yote kwa Kimaasai, taratibu, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Amesikiliza vyema. Ameuliza kama mgonjwa huyo ana mtoto. Nimejibu kwamba anaye.

Mzee huyo tumfungie, au tumwache atembee? Baba, naomba uamuzi.