Ng'ombe ya Cherono

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua. Ng'ombe yangu Chelel ametoa ndoo karibu kujaa. Litein yote hakuna mtu anakamua kama mimi.
Cherono hajatoka chumbani. Binti yangu, kitinda mimba, amesoma mpaka chuo, na kazi yake ni kutengeneza gemu ya simu. Gemu ya kufuga ng'ombe! Nimeongea na karani wa kituo cha chai, atampa kazi ya kupima majani. Ijumaa anaonyesha gemu kwa watu wa Nairobi wanaonunua gemu. Wakikataa, Jumatatu anaenda kupima. Amesema, "Sawa, baba." Hiyo sawa yake siipendi.

Jumanne, 4 Machi
Amenipa simu nijaribu. Anasema wengine wanamsifu tu. "Wewe baba hujui kusifu." Ni kweli.
Nikabonyeza ng'ombe, maziwa papo hapo. Nilicheka mpaka Kimani wa duka akaja. Nikasema hiyo ni mfereji, si ng'ombe. Ndama iko wapi? Ng'ombe gani inaachilia maziwa kabla ndama haijanyonya? Kimani naye: "Cherono, niuzie hiyo. Nitakuwa nafungua tu, nafunga."
Hakulia. Aliandika vile nimesema. Angelia ningejua la kufanya.

Jumatano, 5 Machi
Amefuta ng'ombe yote anaanza upya. Kazi ya miezi. Sababu ya ndama.
Stima ikapotea. Akabeba kompyuta mpaka kwa Kimani, yule yule alimcheka, akaomba kuchaji kwa sola yake. Mimi siombi mtu amenicheka. Sijawahi.
Nina hasira, sijui ya nani. Nimekata nyasi ambayo haikuwa ya kukatwa.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi Cherono alikuja kurekodi ile sauti naimbia Chelel. Sikujua watu husikia.
Jioni nimejaribu gemu tena. Ile ng'ombe imenipiga teke. Mimi! Nikarudia, teke. Nilikuwa nakimbilia maziwa nikaacha ndama imefungwa. Cherono nyuma yangu: "Pole pole, baba. Haikujui bado."
Chai ilipoa. Nikafungulia ndama, nikangoja. Ikatoa! Nilipiga kelele kama mtoto.
Sikumwambia ni nzuri.

Ijumaa, 7 Machi
Ameenda Kericho mapema kukutana na wale watu wa Nairobi. Siku yote sikukaa. Nilifika barabarani mara nyingi, nikisema naangalia mvua.
Amerudi jioni. Wamekataa. Wanasema mtu wa mjini hawezi kungoja ndama, atapigwa teke atupe gemu.
Nilingoja aseme amechoka. Akauliza kama stima iko.
Nikasema hao wajinga hawajui ng'ombe. Akasema, "Si kazi yao kujua, baba. Ni kazi yangu kuwafundisha bila kuwachosha." Akavua viatu, akafungua kompyuta kabla ya kula.
Nikamsogezea chakula.
Huo ukaidi ni wangu. Lakini mimi nikikosolewa napigana. Yeye anauliza amekosea wapi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepita kituo cha chai. Nimemwambia karani apatie mtu mwingine ile kazi. Akauliza, "Kwani msichana ni mgonjwa, mzee?" Nikasema hapana, ana kazi.
Mvua kidogo. Nimekamua. Cherono alikuja na kiti kidogo, akashika kamba ya ndama.
Akaifungulia. Tukangoja.