Mistari Mia Saba ya Rosina

Naima, acha huo ugali uungue, soma kwanza. Rosina wetu leo nusura afukuzwe kazi.

Nimepeleka vitumbua ofisini kwao, nikakuta moto. Ile programu yao inayolinganisha faili la zamani na jipya, Rosina kaipunguza mistari mia saba ya maandishi yanayoiendesha. Bosi Evans kafungua skrini mbele ya watu, nyekundu tupu, yote ni aliyoifuta.

“Nimejenga miaka mitatu, wewe unabomoa kwa wiki moja?”

Rosina hata hakusimama. “Jambo moja uliliandika mara tisa, bosi. Nimeacha moja.”

Mara tisa, Naima. Mbele ya watu.

“Funga mizigo urudi kwenu Chala.”

“Nitarudi. Kwanza tuzipe programu yako na yangu mafaili yaleyale, halafu majibu ya zote mbili tuyalinganishe kwa hiyohiyo yako ya zamani. Ikiona tofauti hata nukta, naondoka kabla ya chai.”

Tukajazana nyuma ya kiti. Bosi akabonyeza mwenyewe.

Ikaandika: Hakuna tofauti.

Akabonyeza tena. Hakuna tofauti.

Rosina akavuta kitumbua. “Chai yangu iwe ya maziwa, bosi.”