Kwa Nini Bibi Alikupakulia Sahani Mbili

Singida,
Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakuandikia kila kitu, hata lile ambalo mkono wangu umesita kuliandika tangu Bibi alipofariki mwezi wa nane. Kwa hiyo tafadhali usiisome barua hii njiani. Nenda nayo nyumbani, ukae, na Mama akae karibu yako.

Natumaini mgongo wako umepata nafuu na kikohozi cha Mama kimekwisha. Mimi ni mzima. Huku joto ni kali, na upepo unaleta vumbi mpaka kwenye uji. Wenzangu bwenini wananitania, "Wewe wa Tukuyu, mvua yenu umeiacha wapi?" Nawajibu kwamba ina kazi kwenye migomba ya baba yangu, haina nafasi ya kusafiri. Masomo yanakwenda vizuri. Historia nimekuwa wa nne darasani, na nitapanda.

Ujumbe wako niliupata kwenye simu ya matroni. Umeniagiza niandike wasifu wa Bibi, usomwe siku ya kuweka msalaba kaburini, kwa sababu ule wa mazishi uliandikwa haraka na mimi sikuwepo. Ulisema, "Wewe umelala naye chumba kimoja miaka tisa, unamjua kuliko sisi." Maneno hayo yalinipa nguvu, nikaanza siku hiyohiyo. Nimeandika alivyokuwa akitembea kutoka kijijini kwetu Masoko mpaka sokoni Tukuyu na mkungu wa ndizi kichwani, akarudi na chumvi, na bado akapika. Nimeandika alivyoimba sauti ya pili kanisani mpaka meno yakaisha, na mwalimu wa kwaya alipomshauri apumzike akamjibu, "Meno ndiyo yamestaafu, mimi bado." Nimeandika kwamba hakuna mgeni aliyeondoka kwake na njaa, ila mgeni mvivu alionyeshwa jembe kwanza, ndipo akaonyeshwa chakula.

Nilikwama mahali pamoja tu, kwenye idadi ya watoto wake. Siku ya mazishi mlisoma sita. Baba, ni saba.

Nitakueleza kama alivyonieleza yeye. Ilikuwa wiki moja kabla sijasafiri kuja huku. Tulikuwa nyuma ya nyumba, mimi nakata majani makavu ya migomba, yeye amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, ananielekeza kwa fimbo. Nikamuuliza kwa utani kwa nini wewe, mwanawe wa kwanza mwenye mvi, kila ukija kumsalimia unapakuliwa sahani mbili, na shangazi zangu wanapata moja moja. Unajua Shangazi Subilaga anavyosema: "Huyu kaka ana matumbo mawili, sisi wengine tulizaliwa na nusu!"

Bibi hakucheka. Alisema, "Sahani moja yake. Nyingine ya mwenzake."

"Mwenzake yupi, Bibi?"

"Gwe, wewe mtoto, weka hilo panga chini. Kaa."

Nikakaa. Akaniambia kwamba mimba yake ya kwanza alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kijiji cha Matwebe. Ulizaliwa wewe. Bibi kizee aliyemzalisha alikuwa hajanawa hata mikono, akatokea mtoto wa pili, wa kike. Wakamwita Bupe. "Alikuwa na kelele kuliko baba yako," Bibi alisema. "Baba yako alilala tu, kama mtu aliyekuja kutembea."

Wewe unajua kuliko mimi jinsi mapacha walivyoogopwa siku hizo. Mimi ilibidi anifundishe: kwamba wazazi wa mapacha walitengwa kibandani, watu wakakataa hata kuwasalimia, mpaka mganga awape dawa ndugu wote pamoja na ng'ombe, maana waliamini kwamba bila hivyo ukoo utavimba miguu. Wale wanawake watatu, Bibi, mama yake na yule mkunga, hawakumwita mganga. Wakafunga mlango wakanyamaza. Siku ya nane Bupe akashikwa na homa, na kabla jua halijawa kali alikuwa amekufa. Wakamzika palepale, kwenye migomba ya mama yake Bibi. Mama yake akamwambia, "Rudi Masoko na huyu mmoja. Wakisikia walikuwa wawili, kila jirani akiugua watamtazama yeye." Ndivyo ulivyofika Masoko mgongoni kwa Bibi, peke yako.

Nikauliza kama Babu alijua.

"Nilimwambia siku aliyobatizwa. Nilingoja wokovu umshike vizuri." Hapo ndipo alipocheka. Babu aliitazama miguu yake, kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii sisi ni wazazi wa mapacha, na miguu yetu hii hapa, myembamba." Hakulisema tena mpaka alipokufa.

"Na Baba, kwa nini humwambii?"

"Mwanzo niliogopa watu. Baadaye nikazoea. Sasa ni mzee mzima, akilia mbele yangu nitamfanyaje, nitambeba mgongoni? Utamwambia wewe nikishaondoka. Wewe unasoma, unajua kupanga maneno."

Baba, nimeyapanga kadiri nilivyoweza. Nilitaka kukuambia siku ile ulipolia kwenye simu ukinipa habari za msiba, lakini nilikuwa nimepewa dakika tano, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wasichana. Nakiri pia kwamba niliogopa. Sasa siogopi. Nadhani kila alipoweka ile sahani ya pili mbele yako alikuwa anangoja mmoja wetu aulize.

Kwenye wasifu nimeandika hivi: "Alijaliwa watoto saba. Bupe, pacha wa mwanawe wa kwanza, aliishi siku nane na amelala Matwebe." Basi. Najua Baba Mdogo anaweza kusema mambo haya yasisomwe mbele ya mchungaji na watu. Ukiamua yaondolewe, nitaiondoa idadi yote nisiseme kitu. Ila watoto sita sitaandika, kwa sababu Bibi aliniamini.

Barua hii atakuja nayo mwalimu wetu anayekwenda kuhudhuria semina Mbeya, na ataiacha Tukuyu kwa Mzee Shabani, fundi cherehani. Msalimie sana, mwambie sketi alizonishonea hazijaachia hata uzi mmoja. Msalimie Mama, na umwambie uji wa hapa haufikii wake hata siku usipokuwa na vumbi. Msalimie Baba Mdogo kwa heshima. Shangazi Subilaga mwambie khanga aliyonipa ndiyo ninayojifunika nikimkumbuka mama yake.

Matroni amekubali nipokee simu Jumamosi mchana, nami nitakuwa nimekaa mlangoni kwake. Sitakusumbua kwa mengi siku hiyo. Ni mimi binti yako Atupele, na ninalotaka unijibu ni moja tu: msalaba ukishasimama, na watu wote wakiwa wamenyamaza, je, Baba, utausoma wasifu huo wewe mwenyewe, ili jina la Bupe walisikie kutoka kinywani mwako?