Tumbo Lililoshonwa

Isingiro, Karagwe, 1913

Dada yangu Zuleha, shikamoo.

Huku migomba imezaa, na mke wangu Mwaja hajambo. Miezi miwili iliyopita, nilipokwenda Bukoba kununua nguo za kuuza dukani kwangu, utumbo ulijisokota. Daktari wa Kijerumani akanipasua, akakata kipande, akanishona. Tangu hapo situlii. Nikilala panachoma, nikisimama panavuta, basi nazunguka dukani nimeshika tumbo.

Juzi nilichoshwa na uji, chakula pekee alichoniruhusu daktari, nikala ndizi kwa siri. Maumivu yakanikunja sakafuni. Mwaja akanikanda mgongo, akauliza, "Unaogopa kufa?"

"Naogopa," nikasema. Sikuwahi kumwambia mtu.

Tukalia pamoja, kisha nikapata usingizi. Leo nimeamka na njaa.

Mama usimwambie haya. Mwambie nimenenepa.

Nduguyo akupendaye,
Zubeiri