Baba, Usaili Haukwenda Vizuri

Baba yangu uliyelala Chiola,

Jana nilikuwa Ruangwa kwenye usaili, na haukwenda vizuri. Nimeona nikuambie wewe kwanza. Kwa habari za namna hii sijapata msikilizaji mwingine.

Unaukumbuka ule wa mwanzo? Nilikuwa nimemaliza masomo ya ugavi, nikaitwa na kampuni moja ya mazao iliyotafuta msaidizi wa ghala. Ulikataa katakata niende peke yangu. Ulivaa kanzu yako ya Idi na koti juu yake, na jua lile, ukakaa mbele na dereva tangu Nachingwea ukimweleza binti yako anakwenda kufanya nini. Tunashuka Ruangwa, abiria wote wakanitakia heri. Nilikuonea haya, baba, lakini nilijiona mtu.

Ulibaki getini na mlinzi, nikaingia ndani. Walikuwa watu watatu mezani. Swali la kujieleza nililijibu vizuri, nikawaona wanaandika. Kisha mama aliyekaa katikati akaniuliza ningefanya nini kama mzigo uliomo ghalani haulingani na ulioandikwa. Nikasema ningemwambia mkubwa wangu. Akauliza, "Halafu?" Nikakwama. Jibu nililisoma chuoni, nililijua, ila siku ile lilinikimbia. Nilijiumauma, nikarudia lile lile la kumwambia mkubwa. Yule mama akafunika kalamu yake.

Baada ya hapo wakawa wapole ghafla. Wakaniuliza kwetu ni wapi, mvua zimenyesha, ufuta umekubali mwaka huu? Mmoja akasema amewahi kupita Chiola, watu wake wakarimu sana. Wakati huo huo hakuna aliyekuwa anaandika. Waliponiambia watanipigia, nilikuwa nimeshajua hawatapiga.

Nilipotoka ulikuwa unacheka na mlinzi. Uliponiona ninavyotembea nikija kwako ukaacha kucheka, ukamuaga, ukaniuliza kama nina njaa. Hukuuliza kingine. Tulienda kwa mama mmoja anayepika karibu na soko, ukaagiza wali na kisamvu kwa wote wawili, na nilipokuwa nachezea chakula ukasema nikusimulie yote tangu mlangoni, bila kuruka.

Nikakusimulia. Nilipofika pale walipoanza kuwa wapole, machozi yakanitoka mbele ya watu. Ulingoja nijifute kwa ncha ya mtandio.

"Mimi nauza kuku," ukasema. "Anayemtaka kuku wangu atampapasa, atasema amekonda, tutabishana hapo. Asiyemtaka atasema, mzee, una kuku mzuri, Mungu akujalie. Nikisikia hivyo najua huyo anaondoka."

Nilicheka huku nalia. Ukanisogezea kisamvu chako.

Njia nzima ya kurudi niliwaza wale waliokuwa wanatungoja. Ulikuwa umewaambia wote, baba. Shehe alikuwa ameniombea dua. Shangazi alikuwa ameshaanza kunitafutia chumba cha kupanga Ruangwa. Nilijua kila nitakapokwenda kuteka maji nitaulizwa kama wamepiga, na nitapaswa kutabasamu na kusema bado.

Tulipofika nyumbani, mama, shangazi na majirani walikuwa wamekaa barazani. Kabla hata ya kuvua viatu ukawaambia kwamba nimefanya usaili nilivyoweza na kazi sikuipata. Mama alikasirika. Akakuuliza unamvunjaje moyo mtoto wakati majibu hayajatoka.

"Yametoka," ukamjibu taratibu. "Mwanao alikuwa ndani ya chumba. Ameyaona."

Shangazi akashika mkono wangu, akasema basi, tutaangalia kwingine, na mazungumzo yakahamia kwenye palizi. Simu haikupigwa wiki ile wala mwezi ule. Lakini hakuna aliyeniuliza. Asubuhi niliteka maji, nikasalimiana na watu, nikarudi. Tulikwenda shamba pamoja, ukanionyesha mistari ya ufuta uliyotaka niimalize, na kufikia jua la adhuhuri nilikuwa nawaza nipeleke wapi maombi mengine. Ndivyo nilivyopata ile kazi ya duka la pembejeo pale Nachingwea mjini, ambayo ninayo hadi leo, na ambayo uliifurahia kuliko hata mimi.

Nimefikiria sana siku ile tangu ulipotutoka. Wengi walinipenda, na kwa kunipenda wakaniambia nisikate tamaa, nisubiri, Mungu hachelewi. Wewe ulinipenda ukaniamini. Nilipokuambia mambo yameharibika hukunibishia ili unifariji. Sikujua wakati ule kwamba hilo ni jambo adimu. Sasa najua.

Jana nilikwenda peke yangu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kusimamia ghala zima, na nilijiandaa, baba, nilijiandaa kweli. Sikukwama. Nilijibu kila kitu kwa sauti. Lakini walitaka mtu aliyewahi kuwaongoza wafanyakazi wengi, nami dukani tupo wawili. Nilipoeleza hivyo, mwenyekiti akaanza kunisaidia kujibu maswali yake mwenyewe. Mwishoni akasimama kunipa mkono na kunitakia safari njema, akasema barabara ya Nachingwea siku hizi imetulia. Nilishukuru nikatoka. Getini nilisimama kidogo nikitafuta uso wa kutazama, kisha nikaenda zangu stendi.

Mume wangu ananiambia ninawahi kuhukumu. Tangu nifike hapa Chiola leo, mama ananitazama tu. Najua amekuwa akiniombea dua. Nimemsikia akimwambia jirani kupitia uani kwamba nikipigiwa simu atachinja. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu tukuzike, na ndiyo inayonifanya mzito kuinuka.

Lakini nitainuka. Nakuombea kaburi lako liwe na nuru na wasaa, na uwe umepumzika kweli, wewe uliyekuwa hupumziki. Sasa naenda jikoni kumwambia mama, kabla hajawaambia wengine.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Hadija